Joho la Ujin

Siku Nomuun alipolivaa joho la Ujin kwa mara ya kwanza, lilimkaa kama lililokatwa kwa kipimo chake, na hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Nguo ya kuazima haisitiri matako, watu husema. Hii ilimsitiri kila mahali: mabega, kiuno, hata mikono iliishia pale pale kwenye viganja. Badala ya kuogopa, msichana akafurahi, akajigeuza geuza mbele ya kioo. Binadamu akipata kinachomtosha huwa haulizi maswali mengi.

Joho lilikuwa la kijani kilichofifia, lenye vifungo vya shaba begani, na mwenyewe alikuwa amekufa.

Ujin alikuwa nusu ya Jivu la Jana, bendi ya watu wawili tu. Yeye aliimba na kupiga fidla iliyochongwa kichwa cha farasi. Mwenzake, Temuge, alipiga gitaa la umeme, na ngoma akaipiga kwa mguu, maana hawakuwa na wa tatu. Walizichukua nyimbo wanazoimbiwa mifugo huko jangwani Gobi, wakaziwekea kelele, na vijana wa jiji la Ulaanbaatar ambao hawajawahi kukamua hata mbuzi mmoja wakazipenda mpaka kutokwa na machozi. Wimbo wao mkubwa ulitokana na ule wa kumbembeleza kondoo anayekataa kunyonyesha: toig, toig, toig. Ujin alifundishwa wimbo huo na mama yake. Halafu majira ya baridi ya mwaka juzi aliwasha jiko la makaa kwenye ger yake, hema la duara la sufu, kule vilimani pembeni mwa jiji, akaziba mlango vizuri kwa ajili ya baridi, akalala. Hewa mbaya ya makaa haina harufu. Hakuamka.

Temuge alilitupa gitaa chini ya kitanda na kuapa hatalishika tena. Vijana huapa. Mwaka haujaisha, akaingia kwenye mkahawa mmoja wa watalii kula buuz, vile vitumbua vya nyama vya mvuke, akamkuta msichana mwembamba kutoka Darkhan anawapigia wageni fidla huku wakitafuna. Buuz zikapoa kwenye sahani.

"Dada," alimwambia baadaye, "nani kakufundisha kuvuta pumzi vile kabla ya kuimba?"

"Na kupumua nako kuna mwalimu?"

"Kwako yupo. Kaa chini, nitakununulia chai tuzungumze."

Huyo ndiye Nomuun. Mama yake alifariki yeye angali mdogo kiasi cha kutokumbuka uso, akalelewa na shangazi aliyemlisha, akamvisha, akamsomesha, na hakuwahi kumshika hata mkono. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Wapo watu walioumbwa hivyo, na watoto wao hukua wakijua kuoga na kufua lakini hawajui pa kuuweka uso wanapolia.

Mama yake Ujin, mama Dolgor, alisikia kwamba nyimbo za mwanawe zimepata mdomo mwingine. Akaacha mifugo kwa jirani, akapanda basi kutoka Gobi ya Kati, akafika siku ya onyesho, Jumapili mchana, katika ukumbi ulio chini ya duka la vitabu. Mwanamke mfupi, mashavu yameunguzwa na upepo. Alimwendea Nomuun bila salamu. Kisha akafungua mfuko wake akatoa joho.

Temuge aliruka. "Mama! Si lama aliyesoma dua za mazishi alisema lichomwe?"

"Lama ana mabinti wangapi?"

Akamkabidhi Nomuun.

Jioni ile Nomuun aliimba toig ndani ya lile joho, na katikati ya wimbo mlevi mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Ujin!" Ukumbi ukaganda. Kwetu jina la marehemu halitamkwi hovyo, seuze kupigiwa kelele. Lakini kilichomtisha Temuge hakikuwa kelele zile. Nomuun aligeuza kichwa, kama mtu aliyeitwa.

Walipomaliza, mama Dolgor alimfuata nyuma ya jukwaa, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamnusa shavu la kulia, pumzi moja ndefu, macho ameyafumba. Ndivyo mama wa kwetu anavyombusu mwanawe, na kila mtu aliyelelewa na mama anayajua hayo. Nomuun hakuyajua. Ikabidi aegemee spika.

"La kushoto nitalinusa ukija nyumbani," mama Dolgor alisema, akaenda zake kuwahi basi.

Mambo yakaanza kidogo kidogo. Ujin alikuwa na kakikohozi kakavu alikokuwa akikatoa kabla ya ubeti wa tatu. Nomuun, mzima wa afya, akaanza kukohoa hapo hapo. Walipojirekodi kwenye chumba cha mazoezi na kusikiliza, kabla ya kila mstari zilisikika pumzi mbili: moja yake, na nyingine nyuma yake kidogo.

"Mwangwi huo," Temuge alisema.

Kuta za chumba kile zilikuwa zimefunikwa magodoro makuukuu kutoka juu hadi chini. Godoro na mwangwi wapi na wapi? Nomuun hakubishana naye. Siku nyingine akaimba mstari ambao Temuge alipousikia mguu wake uliganda juu ya ngoma.

"Huo umeutoa wapi?"

"Si umo kwenye wimbo?"

"Ulikuwemo. Tuliufuta. Mimi na yeye tu, kabla hatujamwimbia mtu yeyote."

Asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu hakuwepo na lake lilikuwepo lote: joho lake, kikohozi chake, mashabiki wake, mpaka mstari aliokwisha kuufuta. Nomuun alikuwa na wimbo wake mmoja alioutunga kwenye treni ya Darkhan. Akajaribu kuuimba akiosha vyombo, na sauti iliyotoka ikawa ya Ujin. Akarudia, taratibu, sahani mkononi, akiitafuta sauti yake kama mtu anavyotafuta funguo alizoziweka mwenyewe. Hakuipata.

"Temuge, sauti yangu siioni."

"Wacha we! Jana umewaliza watu."

"Jana sikuimba mimi."

"Basi aliyeimba aimbe na kesho. Kula, unakonda." Alitania, lakini macho hakumwonyesha. Simlaumu sana. Alimpoteza rafiki, akarudishiwa sauti yake, akaogopa kuuliza bei.

Na Nomuun mwenyewe, mbona hakulivua? Kwa sababu kila baada ya onyesho simu ililia, na upande wa pili, kwenye upepo, mama Dolgor alimuuliza: "Umekula, mwanangu? Umevaa soksi nzito?" Maneno ya kawaida ambayo mama wa watu wote huyasema mpaka yanachosha. Yeye aliyasikiliza akiwa amesimama wima, amezuia pumzi. Alijua wazi alichokuwa akikifanya. Akilivua joho, atampoteza mama. Akiendelea kulivaa, atapotea yeye. Kila Jumapili akapima, na kila Jumapili akafunga vifungo.

Baridi ilipoanza kulegea, mama Dolgor akapiga simu. "Kondoo wanazaa na mikono ni hii miwili. Njooni." Wakaenda na gari bovu la Temuge, siku nzima katika nchi tupu, Nomuun akikohoa kwenye kola ya joho.

Pale nyumbani kulikuwa na mbwa, Basar, mweusi, mkali kupita kiasi. Alishamng'ata daktari wa mifugo, alishamng'ata jirani, na Temuge naye alishang'atwa mara mbili, kila mguu na fungu lake. Temuge akabaki ndani ya gari na vioo juu. Nomuun akashuka. Mbwa akamjia akitambaa kwa tumbo, akaingiza kichwa chini ya pindo la joho, akalia kama mtoto.

"Mwenyewe kamjua mwenyewe," mama Dolgor akasema, akamnusa lile shavu la kushoto alilokuwa anadai.

Hawakumaliza hata chai. "Ujin!" mama Dolgor aliita kutoka zizini. "Lete ndoo!"

"Abee, mama!" Nomuun akanyanyuka, akapeleka mkono nyuma ya kabati, chini ya gunia, akaitoa ndoo. Hakuna aliyemwonyesha ilipo. Temuge aliyashuhudia hayo, kikombe mdomoni, na chai ikammwagikia kifuani.

Jioni yake mama Dolgor akawa anacheka peke yake. "Unakumbuka yule farasi mwekundu alivyokubwaga?"

"Nakumbuka. Nililia kwa sababu ya kofia, sikulilia mguu."

Mama Dolgor akapiga makofi kwa furaha. Nomuun akashika mdomo wake kwa vidole. Maneno yalikuwa yameshatoka, na alikiona kile kitu kabisa: kofia ya manyoya ya mbweha inabiringika na upepo, haikamatiki. Kisha akajaribu kuukumbuka mtaa wa shangazi yake kule Darkhan, rangi ya mlango, jina la jirani, na hakuona kitu. Alijilazimisha. Hapakuwa na mlango. Alilala kwenye kitanda cha Ujin akitetemeka, na mama Dolgor akamfunika joho juu ya blanketi, kwa mapenzi yote.

Kesho yake kondoo mmoja alizaa mwana mfu. Upande wa pili wa zizi kulikuwa na mwana mwingine aliyefiwa na mama, analia njaa. Kazi ya hapo kila mfugaji anaijua. Mama Dolgor alimchuna yule mfu, akamvisha yatima ile ngozi mbichi kama fulana, miguu minne kwenye matundu manne, akaifunga tumboni kwa kamba. Kisha akamsukuma kwa kondoo aliyefiwa, akamwita Nomuun waimbe. Toig, toig, toig. Kondoo akanusa. Akapiga teke la uvivu. Akanusa tena, kule mkiani, mahali mama anapomjua mwanawe. Akasimama. Yatima akapata titi, na mkia wa marehemu ukacheza juu ya mkia wake.

Temuge alikuwa ukutani mwa zizi. Alitazama kondoo, akamtazama mama Dolgor, akamtazama Nomuun ndani ya joho lake la kijani, kisha akaenda kukoroga moto ambao haukuhitaji kukorogwa.

Ukafuata upepo wa vumbi wa siku tatu, ule wa kuufanya mchana uwe usiku. Watu na wanyama wakawa kitu kimoja, kila mmoja anajishikilia asipeperushwe, na kwa muda huo hakuna aliyekumbuka mambo ya ngozi. Ulipotulia, Nomuun akaenda zizini, akamkuta yule mwana amelala upande, ulimi nje. Ngozi ilikuwa imekauka juu yake. Ilikuwa ngumu kama ubao, imembana mbavu, imemkata makwapani, na ilinuka uozo. Maziwa yalikuwepo tele, mama alikuwa amesimama pale pale juu yake, analamba. Alichokuwa akikilamba ni ile ngozi.

"Mama! Mama njoo!"

Mama Dolgor alikuja mbio na kisu. "Ole wangu, nimesahau! Mshike kichwa." Akapenyeza ncha chini ya kamba, akakata, akaanza kumbandua polepole, akisonya. "Ngozi hii si ya kukaa nayo. Unamvalisha hadi maziwa yampite tumboni, anuke maziwa ya mama yule, basi, unamvua haraka. Ukiiacha inamkaukia mwilini. Anakufa humo humo ndani, na mama yake bado anamlamba. Nimezeeka mimi, nimesahau kitu anachokijua mtoto."

Nomuun alikuwa amekishika kichwa kidogo kati ya viganja vyake.

"Na akivuliwa, mama, kondoo akimkataa?"

"Wapo wanaokataa."

"Halafu?"

"Halafu anapigwa teke, analia, tunatafuta chupa. Sasa utamwua mwana kwa kuogopa teke?" Mama Dolgor aliitupa ngozi nje ya zizi. Yatima akasimama kwa miguu ya kuyumba, mweupe, mwembamba, hana nguo. Kondoo akashusha pua.

Nomuun hakungoja kuona jibu la kondoo. Alijua kwamba akingoja hataweza. Alisimama, akapeleka mkono begani, kifungo cha kwanza, cha pili, vile vya ubavuni, akaufungua mshipi, akalivua joho. Akabaki na fulana yake ya mjini, mikono mitupu, ngozi imemsisimka kwa baridi.

"Vaa," mama Dolgor alisema bila kugeuka vizuri. "Utakohoa."

"Mama, mimi ni Nomuun."

"Nimesema vaa nguo."

"Hili si langu. Mama, mimi si yeye. Nilitaka niwe. Naapa nilitaka, kwa sababu yako. Lakini nakufa humu ndani."

Mama Dolgor akaweka kisu chini. Alimjia, uso umekaza, akamshika kichwa kama siku ile ya kwanza, akamnusa. Shavu la kulia. La kushoto. Nomuun alifumba macho. Akanuswa kwenye nywele, shingoni, nyuma ya sikio, haraka haraka, kama mtu anayepekua sanduku ambalo lazima kitu kiwemo. Kisha mikono ile ikashuka kifuani pake na kumsukuma kwa nguvu zote. Akaangukia mgongo kwenye samadi.

Mama Dolgor hakumtazama tena. Aligeukia jangwa, akajaza mapafu, akaita:

"Ujin!"

Tangu amzike hakuwa amemwita mwanawe huyo. Aliyekuwa akimwita kwa jina hilo ni Nomuun. Temuge alitoka mbio ndani ya ger, akasimama mlangoni.

"Ujin!"

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote. Koo la Nomuun lilikwishafunguka. Lile jibu lilikuwa limepanda mpaka kwenye meno, abee, mama, lina joto lake, lina sauti yake tayari, na lingetoka tu yule mwanamke angegeuka, angemwinua, angemfuta samadi, wangeingia ndani kunywa chai. Nani asingeitika? Nomuun alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu.

"Ujin! Mwanangu!"

Basar aliinua masikio, akatazama kule sauti ilikokwenda. Upepo haukuwepo. Kila kitu kilisikika: kondoo wanatafuna, Basar anahema, Temuge analia. Mama Dolgor alisubiri, shingo ameinyoosha, kama mtu anayejua kwamba sauti huchukua muda kufika mbali jangwani. Hakuna aliyeitika. Alisubiri bado. Kisha sauti ikamtoka ambayo haikuwa jina wala neno, akakaa chini palepale alipokuwa, akamlilia mwanawe kama wafiwa wanavyolia siku ya kwanza.

Temuge ndiye aliyewasha moto, mbali kidogo na nyumba, kwa samadi kavu. Mama Dolgor aliliweka joho juu yake kwa mkono wake mwenyewe. Aliganda akilishika ukosi, Temuge akamwambia, "Mama," basi, na yeye akaliachia. Shaba za vifungo zilibaki kwenye majivu, akazifukia kwa kisigino.

Usiku ule Nomuun hakuota kitu.

Asubuhi, mizigo ikiwa imeshaingia garini, mama Dolgor aliwaita chai. Macho yamevimba, nywele amezichana vizuri. Alifungua kabati akatoa bakuli la fedha, la wageni, akalipangusa, akalijaza, akashusha mikono ya nguo yake hadi kwenye vidole kwa adabu, akampa Nomuun kwa mikono miwili. Ndivyo apewavyo mtu aliyetoka mbali. Lilimuuma kuliko lile sukumo la zizini.

"Kunywa ushibe, mtoto wa watu," alisema. "Kwenu ni mbali. Jina lako nani vile?"

"Nomuun, mama. Wa Darkhan."

Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, inakwaruza kidogo mwishoni, na nyumba ile haikuwahi kuisikia.